Jiko la Shauri Moyo: Makaa, Mafundi na Hewa katika Historia ya Eastlands

Ni vifaa vichache vilivyobuniwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kuokoa kuni na makaa ambavyo vimeenea kama lile jiko lenye kiuno chembamba, ganda la bati na bitana ya udongo wa kuchomwa, ambalo linatumika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na kwingineko, na ambalo wakazi wa Nairobi hawana jina la kulipambanua, kwao ni jiko tu. Wataalamu wa nishati hulitaja katika maandishi yao kama mfano wa suluhisho la tabianchi, yaani njia ya kupunguza gesi zinazoiongezea dunia joto, ingawa lilipoanza kufuliwa katika Shauri Moyo, Kamukunji na Gikomba, mashariki mwa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilichozungumzwa sokoni kilikuwa bei ya gunia la makaa. Historia ya kifaa hiki inafaa kuchunguzwa kwa undani kwa kuwa inaunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa katika vitabu tofauti: sayansi ya kaboni kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mpango wa mji uliowakalisha watu fulani upande fulani wa mto na kuwaachia nishati ya aina fulani.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali ambapo nchi yenyewe imegawanyika kwa namna inayoonekana wazi. Magharibi kuna migongo ya udongo mwekundu, yenye miinuko, mvua ya kutosha na miti. Mashariki kuna mwanzo wa tambarare ya Athi, pakavu zaidi, penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mito yote mitatu mikubwa ya mji, Nairobi, Mathare na Ngong, huteremka kuelekea mashariki ikiwa imebeba kila kinachotupwa huko juu. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi kwa kufuata mteremko huo huo: ripoti ya Profesa W. J. Simpson ya mwaka 1913, iliyoandikwa kwa kisingizio cha kuzuia tauni, ilipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na Waafrika wakaishia upande wa mashariki. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Zikafuata Ziwani na Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Mbotela, Ofafa, Maringo na Jericho, mpaka neno Eastlands likawa jina la nusu ya mji.

Nyumba za awali za mitaa hiyo zilijengwa kwa ajili ya mwanamume aliyehesabiwa kuwa kapera hata akiwa na mke na watoto, kwa maana mshahara wake ulikadiriwa kumtosha yeye peke yake na jamaa zake walitakiwa kubaki mashambani. Kwa hiyo chumba kimoja kilikuwa cha kulala na kukaa, na jiko, kwa maana ya mahali pa kupikia, ama lilikuwa la wapangaji wote ama halikuwepo. Katika chumba kama hicho moto wa kuni hauvumiliki, na umeme ulikuwa wa mitaa mingine. Makaa ndiyo yaliyofaa, kwa kuwa yana joto jingi kwa uzito mdogo, hayaozi, husafirishwa kwa gunia kutoka mbali na kuuzwa kwa mkebe kwa mtu ambaye hana fedha ya gunia, na yanapokolea hayatoi moshi wa kuonekana. Wanahistoria wa nishati huyaita makaa chaguo la maskini wa mjini. Neno chaguo hapa ni la ukarimu mno, kwa sababu waliochora ramani za nyumba walikuwa wamekwisha kuchagua.

Jiko la kwanza la makaa lililoenea mjini lilikuwa la bati tupu, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba umbo lake lililetwa na wafanyakazi Wahindi waliojenga reli. Lilikuwa chombo chepesi chenye miguu mitatu, chano la kuwekea makaa na mlango mdogo wa kuingizia hewa na kutolea majivu. Mafundi Waafrika walijifunza kulifua, wengine wakiwa wamepata kazi katika karakana za reli au za Wahindi, kisha wakaanza kujitegemea kwa mali ghafi ambayo eneo la viwanda la jirani liliizalisha bure: mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi. Pipa lilipasuliwa kwa tindo, likanyooshwa kwa nyundo, na vipande vyake vikakunjwa juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma cha reli. Kazi hii ilifanyika nje, bila paa, na ndiyo iliyowapa mafundi hao jina la jua kali, ambalo baadaye lilikuja kutumika Kenya nzima kwa biashara ndogo zisizosajiliwa.

Ili kuelewa kwa nini jiko la bati lilihitaji kurekebishwa, ni lazima kwanza kueleza makaa ni nini. Mti hukua kwa usanidinuru, yaani kwa kutumia mwanga wa jua kuunganisha maji na kaboni dioksidi ya hewani ili kutengeneza sukari na hatimaye mbao. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyotolewa hewani kwa njia hiyo. Mchomaji wa makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, na kuyawasha kwa hewa kidogo sana, hivi kwamba badala ya kuwaka hadi majivu hupashwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kutoa maji, lami ya mti na gesi, yakabaki mabonge meusi ambayo zaidi ya robo tatu yake ni kaboni. Tanuri la udongo la kienyeji hupoteza mengi: kilo moja ya makaa yaweza kugharimu kilo tano hadi kumi za mbao, kutegemea mti, unyevu na ustadi wa mchomaji. Kaboni nyingine hupotea humo tanurini, baadhi yake ikiwa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 nguvu yake ya kuzuia joto ni takriban mara 80 ya ile ya kaboni dioksidi kwa uzito ule ule. Makaa yanapofika jikoni na kuungua, kila gramu 12 za kaboni hujiunga na gramu 32 za oksijeni kufanya gramu 44 za kaboni dioksidi, kwa hiyo kilo moja ya makaa hutoa karibu kilo tatu za gesi hiyo. Sufuria ya maharagwe inayochemka Maringo inakuwa na sehemu mbili za hesabu: moja iko barazani, na nyingine, ambayo mpishi haioni, iko Kitui, Kajiado au Narok, makaa yalikochomwa.

Kwamba kaboni dioksidi inazuia joto ni jambo lililojulikana kabla ya Nairobi kuwepo. Mwanga wa jua hupita hewani bila kizuizi kikubwa na kuipasha ardhi joto. Ardhi nayo huirudisha nishati hiyo kwa mnururisho usioonekana kwa macho, na ni mnururisho huo ambao molekuli za kaboni dioksidi, methani na mvuke wa maji huunyonya na kuusambaza tena, sehemu yake ikirudi chini. John Tyndall alipima sifa hiyo ya gesi mwaka 1859, na mwaka 1896, mwaka ambao reli ilikuwa ikianza kutandazwa kutoka Mombasa, Svante Arrhenius wa Sweden alikadiria kwa kalamu na karatasi joto ambalo lingeongezeka iwapo kaboni dioksidi hewani ingekuwa maradufu. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni. Charles Keeling alipoanza kuipima kule Hawaii mwaka 1958 zilikuwa 315 hivi, na sasa zimepita 420. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ambalo moja ya mashirika yaliyoliunda mwaka 1988 ni lile la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu hapo hapo Nairobi, limehitimisha kwamba uso wa dunia katika mwongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba sababu ni shughuli za binadamu.

Hapa pana tofauti ambayo maelezo mengi huipitia juu juu. Kaboni ya makaa ya mawe na ya petroli ilifukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na ikichomwa ni nyongeza tupu hewani. Kaboni ya mgunga wa Kitui ilikuwa hewani miaka michache iliyopita, na mti mwingine ukikua mahali pake itarudi mtini. Kwa hiyo makaa ya miti si lazima yawe na hatia ile ile. Yanakuwa nayo pale mti unapokatwa bila mwingine kuota, na pale tanuri na jiko vinapogeuza kaboni kuwa methani, kaboni monoksidi na masizi badala ya kuichoma kikamilifu. Uzito wa sehemu kubwa ya gesi iliyojazwa hewani tangu 1850 hauko mikononi mwa Eastlands, na mwandishi yeyote anayeeleza jiko la Shauri Moyo kana kwamba ndilo lililoharibu hewa anakuwa amepoteza vipimo. Kinachofanya jiko hilo listahili kuandikiwa historia ni kwamba watu waliochangia kidogo walipata, kwa haraka na kwa gharama ndogo, jambo ambalo waliochangia zaidi bado wanalijadili.

Wasiwasi uliolizaa jiko hilo ulikuwa wa miti, na ulianza katika miaka ya 1970. Bei ya petroli ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, mafuta ya taa yalipanda nayo, na familia nyingi za mjini zilirudi kwenye makaa wakati idadi yao ilikuwa ikiongezeka haraka. Wataalamu walianza kuonya kwamba nyuma ya tatizo la petroli kulikuwa na tatizo jingine la kuni. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliongoza maandamano kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba, na huo ukawa mwanzo wa kile kilichojulikana baadaye kama Green Belt Movement. Mahali hapo pana maana kwa historia hii, kwani kandokando ya uwanja huo huo ndipo mafundi walipokuwa wakifua majiko yaliyokula miti. Serikali kwa upande wake haikuwa na sera kuhusu mafundi hao zaidi ya kuwafukuza mara kwa mara, ingawa ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikuwa imeiambia kwamba sekta isiyo rasmi ilikuwa ikizalisha na kuajiri kuliko ilivyodhaniwa.

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano kuhusu vyanzo vipya na vya kudumu vya nishati katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, na mikutano ya namna hiyo huacha nyuma yake ama karatasi ama mradi. Safari hii ulibaki mradi. Wizara ya Nishati, kwa msaada wa Marekani, ilikuwa ikitafuta jiko la makaa lililo bora, na macho yakageukia Thailand, ambako lilikuwepo jiko la ndoo lenye ganda la bati na ukuta mnene wa udongo ndani. Miongoni mwa waliolibadilisha lifae Kenya, anayetajwa zaidi ni Maxwell Kinyanjui. Tatizo la umbo la Thailand lilikuwa kwamba ndoo iliyonyooka, yenye udongo toka juu hadi chini, ni nzito, na sufuria ya ugali, inayosongwa kwa mwiko kwa nguvu, huhitaji jiko lisiloyumba. Umbo lililopatikana baada ya majaribio ni la koni mbili zilizogusana kwa ncha zilizokatwa: ya juu imevishwa bitana ya udongo yenye matundu chini yake, ya chini ni bati tupu, ni chumba cha hewa na majivu, na imepanuka ili jiko lisimame imara. Kati ya bati na udongo huwekwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi, ili bitana ishike na joto lisitoroke.

Faida yake yaweza kuelezwa kwa hesabu fupi. Katika jiko la bati joto linalofika kwenye sufuria ni asilimia 10 hadi 20 tu ya lile lililomo katika makaa; zaidi ya nusu hupotea kupitia ubavu wa jiko, ambao kwa hiyo humchoma mtoto anayepita karibu, na sehemu nyingine huondoka na gesi zisizoungua. Bitana ya udongo huzuia joto lisipite ubavuni, na kwa kuwa chumba cha moto kinabaki na joto kali zaidi, kaboni monoksidi nyingi huungua kabla ya kutoka. Ufanisi, yaani sehemu ya joto inayofanya kazi iliyokusudiwa, hupanda hadi asilimia 25 na, katika majiko yaliyotengenezwa vizuri, zaidi ya 30. Jiko likitoka asilimia 20 hadi 30, makaa yanayohitajika kwa chakula kile kile hupungua kwa theluthi moja, na kwa kuwa kila kilo ya makaa ina kilo tano au zaidi za mbao nyuma yake, mkebe mmoja uliookolewa Jericho ni gogo lililobaki limesimama mahali fulani. Hata hivyo jiko hili halikuondoa hatari ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshika damu mahali pa oksijeni, na watu wameendelea kufa katika vyumba vilivyofungwa usiku wa baridi ya Julai huku jiko likiwaka ndani.

Mradi ungeweza kuishia hapo, kama miradi mingine mingi ya majiko ilivyoishia miaka hiyo katika India na Afrika ya Magharibi, ambapo majiko yalibuniwa na wahandisi, yakagawanywa bure au kwa ruzuku, na kuachwa na walioyapokea. Kilichotofautisha Nairobi ni njia ya uzalishaji. Shirika la KENGO, muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoshughulikia nishati, liliwafundisha mafundi waliokuwa tayari sokoni badala ya kujenga kiwanda, na umbo la jiko halikuwekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine kuiga. Kazi ikagawanyika yenyewe. Wafinyanzi walitengeneza bitana katika karakana zao kwa kuchanganya udongo wa aina mbalimbali, wakizikausha taratibu na kuzichoma tanurini. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo na Gikomba walitengeneza maganda, mmoja akikata, mwingine akikunja, mwingine akipiga ribiti. Wafanyabiashara wa jumla wakanunua kwa dazeni na kupeleka Nakuru, Kisumu na Mombasa.

Uhuru wa kuiga ulileta matatizo ambayo watetezi wa jiko hawakuyaficha. Bitana zilizochomwa haraka zilipasuka, nyingine zilianguka kutoka kwenye maganda kwa kuwa saruji ilipunguzwa, na wapo waliopaka bati tupu rangi na kuliuza kwa wanunuzi wasiojua. Mwanzoni bei ilikuwa juu kiasi kwamba wanunuzi wengi walikuwa wa tabaka la kati. Lakini ushindani ule ule uliozaa majiko mabovu ulishusha bei mpaka ikafikiwa na mpangaji wa chumba kimoja, na fundi aliyeuza jiko lililopasuka alikosa wateja katika mtaa ambao kila mtu anajua kibanda chake. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwepo zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo nchini Kenya, na yalitumika katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini. Mwanafizikia Daniel Kammen aliyaeleza mwaka 1995 katika jarida la Scientific American kama kielelezo cha jinsi teknolojia ndogo inavyoweza kuenea. Mafundi wenyewe walikuwa wamepata kutambuliwa kwa njia nyingine: Rais Daniel arap Moi alipowatembelea Kamukunji mwishoni mwa 1985 aliahidi wajengewe vibanda, na mabati yaliyowafunika baada ya hapo yalikuwa kivuli chao cha kwanza kilichotolewa na serikali, ijapokuwa hakikuwatosha wote na wengi walibaki nje.

Swali gumu ni jiko liliokoa nini hasa. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Mji ulioongezeka zaidi ya mara nane haupunguzi makaa yake kwa kuokoa theluthi katika kila nyumba, na kwa kweli jumla ya makaa iliyoingia Nairobi haikupungua. Isitoshe, aliyekuwa akipika kwa jiko la bati mara moja kwa siku aliweza, kwa fedha ile ile, kuchemsha na maji ya kuoga. Na biashara za vyakula zilizotanda kando ya Barabara ya Jogoo, za chapati, mandazi na githeri, zilisimama juu ya jiko hilo. Hiyo ilikuwa faida kwa watu, bila shaka, ingawa haikuwa faida kwa misitu. Sheria nazo zilikuja kwa kuchelewa na kwa kuyumba: hadi kanuni za makaa za mwaka 2009 biashara hii kubwa ilikuwa na hali ya kutatanisha, makaa yakiruhusiwa kutumiwa huku kuyachoma na kuyasafirisha kukiwa jambo la kuvizia, na mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kaunti ya Kitui ikazuia makaa yake yasitoke, bei ilipanda Eastlands kabla ya mti wowote kuota.

Kwa hiyo akiba ya jiko haionekani katika takwimu yoyote ya magunia yaliyoingia mjini, kwa sababu ni tofauti kati ya moto uliowashwa na moto mkubwa zaidi ambao ungewashwa. Wataalamu huuita moto huo wa pili msingi wa kulinganishia, na uzito wote wa sayansi ya masuluhisho ya tabianchi uko katika kuukadiria kwa haki. Tangu miaka ya 2000 jambo hili limekuwa la fedha, kwani yapo makampuni yanayosambaza majiko bora na kuuza hati za kaboni, ambazo kila moja inadai kwamba tani moja ya kaboni dioksidi haikuingia hewani, na mnunuzi wa mbali huihesabu dhidi ya moshi wake mwenyewe. Mwezi Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilikuwa imetoa hati takriban mara tisa ya upungufu uliothibitika, kwa kuwa ilikadiria kupita kiasi jinsi jiko jipya linavyotumika, jinsi la zamani linavyoachwa, na sehemu ya kuni isiyoota tena. Kammen huyo ndiye aliyelisifu jiko la Nairobi miaka 29 kabla, na hakuna ukinzani katika hilo: jiko lililouzwa Gikomba kwa fedha taslimu halikuwa na haja ya kutia chumvi, kwa maana aliyelinunua alipima akiba yake mwenyewe kila jioni alipotuma mtoto akanunue makaa.

Wakati huo huo, joto ambalo Arrhenius alilihesabu limefika katika mitaa hiyo likiwa limezidishwa na namna ilivyojengwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao vipimajoto vyake viliwekwa Mathare, Mukuru na Kibera, uligundua kwamba joto la makazi hayo lilizidi kwa nyuzi kadhaa lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, ambako taarifa rasmi hutoka. Sababu zake ni mabati yanayonyonya jua mchana, msongamano unaozuia upepo, na uhaba wa miti, ambayo hupoza hewa kwa kivuli na kwa maji yanayovukizwa na majani yake. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua mamia ya watu nchini na kuzoa nyumba za ukingoni mwa Mto Mathare, yalichunguzwa na wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, wakakadiria kwamba ongezeko la joto duniani huenda lilizidisha mvua hiyo kwa asilimia 5 hivi, na wakasisitiza kwamba ukubwa wa maafa ulichangiwa sana na ujenzi na umaskini katika maeneo ya mkondo. Asilimia hiyo inaweza kuonekana ndogo, na inalingana na kanuni ya fizikia isemayo kwamba hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini maji hayo ya ziada yanashukia udongo mweusi usiopitisha maji, upande wa mji ambao ripoti ya 1913 ilisaidia kuutenga.

Suluhisho linalozungumzwa sasa ni kuacha makaa kabisa. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni safi, ukitoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka ule ule wa mkutano wa 1981, pamoja na maji na upepo. Na gesi ya mtungi, ijapokuwa hutokana na petroli, huchafua chumba na hewa kidogo kuliko makaa ya tanuri la udongo. Viongozi wa Afrika walipokutana KICC mwezi Septemba 2023 kwa mkutano wa tabianchi, upishi safi ulikuwa miongoni mwa mada. Ila mtungi umefuata mkondo wa kodi: ushuru wa ongezeko la thamani uliondolewa mwaka 2016, ukarudishwa kwa asilimia 16 mwezi Julai 2021, ukapunguzwa mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa tena 2023, na mpangaji wa Kayole au Umoja amejifunza kutokana na mabadiliko hayo kutunza vyote viwili, gesi kwa chai ya asubuhi na jiko kwa maharagwe yanayohitaji saa tatu. Watafiti huiita tabia hiyo kurundika majiko na kuiona kama kushindwa kwa mradi. Mafundi wa Kamukunji, ambao pamoja na majiko hufua makarai na masanduku ya wanafunzi, wanaiona kama soko, na maadamu maharagwe ni ya saa tatu na kodi ya gesi haitabiriki, hesabu yao ni ya kuaminika kuliko ya watafiti.